Ruhusa ya Kuwinga Ndege

Simu ya ofisi iliita mara ya nane kabla ya saa nne asubuhi. Ilikuwa Jumapili, na mimi nilikuwa juu ya dungu katika shamba la mpunga la mama yangu, kijijini Hewani. Nataja dungu kwa sababu hapo ndipo penye mtandao. Ukiwa chini, katikati ya mpunga, simu ni kipande cha plastiki tu. Ukipanda ile ngazi ya miti, ukakaa kwenye lile jukwaa tunalofukuzia ndege, mtandao unakudaka kama askari aliyekuwa akikuvizia.

"Haloo, ofisi ya vifurushi."

"Mapazia yangu yamefika?" Mama mmoja, hata salamu hana.

"Mama, leo ofisi ya vifurushi imefungwa. Mimi niko kwetu..."

"Sikukuuliza uko wapi. Nimekuuliza mapazia."

Pembeni yangu alikuwa amesimama binti yangu wa miaka mitano, na kombeo lake dogo ambalo babake alimsokotea kwa katani. Tangu tufike alikuwa akirusha madonge ya udongo, na yote yalikuwa yakianguka miguuni pake. "Mama, tazama!" Subiri. "Mama, sasa ndiyo sasa, tazama!" Subiri, naongea na mteja.

Nilipomaliza na yule wa mapazia nikageuka. Mtoto alikuwa amelitupa kombeo, amenipa mgongo, ameshika donge la udongo sikioni.

"Haloo, ofisi," akaliambia donge. "Subiri. Nimesema subiri. Kwani mimi ni mashine?"

Mama yangu alicheka mpaka jukwaa likatikisika. Mimi sikucheka. Ile sauti ilikuwa yangu. Hata ule mguno ninaoutoa nikikata simu, aliutoa vilevile.

"Hebu njoo unionyeshe unavyorusha," nikamwambia.

"Usinisumbue," akajibu, donge bado sikioni. "Niko kazini."

Simu ikaita mara ya tisa. Meneja.

"Njoo unifungulie stoo. Kuna bahasha imesahaulika."

"Bosi, leo ni zamu yangu ya kupumzika. Ufunguo wa pili uko kwa dada wa tiketi."

"Hapokei simu."

"Basi naye anapumzika."

"Na wewe unapumzika ukifanya nini hasa?"

Ningeweza kusema chochote. Nikasema ukweli. "Nawinga ndege."

Kisha nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa naye, "Ati anawinga ndege! Mtu na fomu foo yake!" Wakaangua kicheko wote wawili.

Sikukata simu. Niliiweka kwenye kitanga cha kombeo langu, naye angali anacheka, nikasimama, nikazungusha mara tatu juu ya kichwa, nikaachilia. Simu ile iliruka vizuri kuliko donge lolote nililorusha mwaka ule. Ilivuka mpunga wetu, ikavuka matete, ikatua katikati ya ziwa dogo lililoachwa na mafuriko, kwenye yungiyungi. Yangeyange watano wakaruka kwa hofu.

Mama akakinga macho kwa mkono, akatazama kule viwimbi vilikokuwa vikitanuka.

"Ndege gani yule?"

"Meneja."

"Basi yule hatarudi leo," akasema, akaendelea kumenya muwa wake.

*

Mimi ni karani wa vifurushi katika kampuni moja ya mabasi pale Garsen, mahali barabara zinapogawanyika, hii Lamu, hii Hola, hii Malindi. Kila kitu kinachopotea katika pwani hii, mtu hudhani kiko kwangu. Magodoro, galoni za asali, vyeti vya shule, meno ya bandia ya mzee mmoja ambayo yalikwenda Lamu na kurudi mara mbili. Kazi yenyewe naiweza na wala siichukii. Nikiifanya sawa hakuna anayejua; nikikosea mzigo mmoja, mji wote unajua jina langu na la babangu.

Siku niliyoajiriwa meneja alinikabidhi simu, ambayo nambari yake imechorwa ukutani kwa rangi nyekundu, akasema, "Hii sasa ni mtoto wako wa pili. Usiiache mahali." Nilitabasamu. Nilikuwa na shida ya kazi, ningetabasamu hata kama angenipa nyoka. Barua ya ajira inasema nafanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi. Haisemi kitu juu ya mtoto wa pili. Lakini yule mtoto alikula nami, akaenda nami kanisani, akalala chini ya mto wangu. Wa kwanza, yule niliyemzaa, akajifunza kusubiri.

Mume wangu anafanya kazi Bura, kwenye mashamba ya mfereji. Anakuja kwa pikipiki Jumamosi jioni, na Jumatatu alfajiri anarudi. Kwa hiyo Jumapili ndiyo siku pekee tunapokuwa watatu. Na katika mwaka mzima hakuna Jumapili ninazozipenda kama zile za msimu wa ndege, kuanzia mpunga unapotia maziwa mpaka unapovunwa. Ni wiki chache. Zikipita zimepita.

Watu wa mjini wakisikia kuwinga ndege wanaona adhabu, mtu kukaa juani kutwa nzima akipiga kelele. Hawajui. Mimi najua kurusha. Nilifundishwa na mama nikiwa na miaka saba, na nilipofika darasa la sita hakukuwa na mtu Hewani wa kunishinda, mwanamume wala mwanamke. Donge unalifinyanga jana yake na kulianika kivulini. Likikauka kupita kiasi linapasukia hewani, likiwa bichi linang'ang'ania kitanga. Na huui ndege. Anayeua ndege kwetu huchekwa, maana yake hana shabaha. Kazi ni kuliangusha donge nyuma ya kundi, hatua tatu au nne hivi, ili kwelea wote waamke kwa pamoja na kuelekea mtoni. Ukiliangusha mbele, wanageuka na kwenda kwa jirani, na hapo umejitafutia maneno.

Maneno yenyewe ndiyo raha nyingine. Kila shamba lina dungu lake, na watu wanaitana kutwa.

"Enyi wa huko! Mmelala? Nawaletea wageni!"

"Wageni wako walishe mwenyewe! Au mpunga wako mchungu?"

"Mpunga wangu mtamu, ila leo nimeona binti wa mjini amekuja, nikasema ndege nao wapate kusafirishwa kwa basi!"

"Lete nauli basi!" namjibu, na kabla hajacheka vizuri, donge langu limeshawaamsha ndege wale na kuwapeleka mtoni, juu ya kichwa chake, huku akiinama kama mtu aliyekoswa na risasi.

Ni kitu kidogo. Hakuna anayenitilia sahihi wala hakuna risiti. Lakini ninaposikia ile kamba ikilia *pwa!* na kundi zima likaamka kama kitambaa kilichokung'utwa, kuna kitu ndani yangu kinakaa sawa. Ofisini mimi ni mtu anayeulizwa. Kwenye dungu mimi ni mtu anayejua. Na mtoto wangu ananiona.

*

Sasa mtaniuliza, kwa nini sikuomba ruhusa mapema, kwa adabu? Niliomba. Msimu wa mwaka uliotangulia niliomba, tena kwa njia tunayoijua sote pale kazini: nilidanganya.

Pale kwetu ruhusa haitolewi kwa jambo la furaha. Ukitaka siku moja ulete mgonjwa, ukitaka mbili ulete maiti. Dada wa tiketi ameshamzika shangazi yake mmoja mara mbili, na dereva mmoja mama mkwe wake ana maradhi yanayotokea kila ligi ikifika fainali. Basi na mimi nikasema mama yangu anaumwa, hawezi kuinuka, niachwe Jumamosi na Jumapili bila simu. Meneja akatikisa kichwa kwa huruma, akaichukua simu.

Nilisahau kitu kimoja tu. Nilisahau kwamba kwa watu wa hapa mgonjwa huendewa.

Jumapili saa sita mchana, pikipiki mbili zikaingia Hewani. Dada wa tiketi na wenzake watatu, wamebeba sukari, mkate na chupa ya dawa ya mafuta ya kukandia miguu. Wakaelekezwa shambani. Na mgonjwa wao wakamkuta juu ya dungu, kanga kiunoni, kombeo likivuma, akimtukania jirani ukoo wake kwa sauti iliyovuka mto.

Mama akawaona, akanitazama. Sikuwa nimemwambia. Lakini mama ni mama. Akalaza kombeo polepole, akashika kiuno, akaguna.

"Mmekuja wanangu? Mimi nimekwisha," akasema kutoka kule juu.

"Pole sana mama," dada wa tiketi akasema, uso mkavu. "Tunaona."

Walikunywa chai, wakala maembe, wakamwachia mgonjwa dawa yake. Lakini kuanzia Jumatatu ile, mtu akinitafuta anauliza, "Yule binti wa mgonjwa wa juu ya dungu yuko?" Nilicheka nao. Moyoni niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya kushikwa. Nilikuwa nimemlaza mama yangu kitandani kwa mdomo wangu ili nipate siku ambayo ni yangu tangu mwanzo. Mtu mwenye miaka ya mama hachezewi kwa maneno ya ugonjwa. Nikaapa: mwaka huu simuui mtu wala simtii ugonjwa. Nikiulizwa nitasema ninachofanya.

Ndivyo nilivyosema. Ndivyo nilivyochekwa.

*

Jumatatu ile ya baada ya ziwa, meneja aliniita kabla sijafungua dirisha.

"Madam. Simu iko wapi?"

"Ziwani."

"Ilikuponyoka."

"Haikuniponyoka. Niliirusha."

Akafunga mlango. Nilidhani atafoka. Badala yake akavuta kiti, akaongea kwa upole kama anayenisaidia. "Dada yangu, sikiliza. Mimi pia ni mzazi. Sema mtoto aliiangusha. Kila mtu ana mtoto, kila mtoto anaangusha. Tunaandika hivyo, yanaisha. Au sema mama alizidiwa, ukachanganyikiwa."

Nje ya dirisha mtu akakohoa kikohozi cha kicheko, akauliza, "Yule wa dungu?"

Hapo ndipo nilipoielewa hasira yangu. Mpaka siku ile nilidhani namkasirikia yeye. Kumbe nilikasirika kwa sababu kila mlango niliopewa kupita ulikuwa wa uongo, na kila uongo lazima umwangukie mtu wangu. Mama augue. Mtoto aangushe. Ila mimi tu siruhusiwi kusema kwamba nilikuwa na furaha na nikakatizwa.

"Mtoto hakuangusha kitu," nikamwambia. "Na mama ni mzima kukushinda. Nilirusha mimi, kwa kombeo, kwa sababu ulikuwa unanicheka siku yangu ya kupumzika. Simu nitakuletea nyingine. Jumapili zangu nani atanirudishia?"

"Lakini ndege, dada! Ndege!"

"Ndege."

Akanipa barua ya kunitaka nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua. Siku kumi.

Nikanunua simu ya kubonyeza, nikaiweka mezani kwake Ijumaa, na Jumamosi jioni nikaiacha palepale mezani nilipoondoka. Jumapili nikapanda dungu mikono mitupu. Nawaambia ukweli, saa ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyeng'olewa jino, mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Saa ya pili nikasahau. Mume wangu alikuwa chini akikarabati ngazi, mtoto akimpitishia misumari mmoja mmoja huku akimhesabia vibaya. Ilipofika adhuhuri mtoto akapanda juu, akachukua kombeo lake, hakuniita. Akarusha tu. Donge likaenda mbele, si mbali, likaangukia nyuma ya minana wawili waliokuwa kwenye bua, wakaruka.

Nilikuwa natazama. Hakuniambia nitazame na nilikuwa natazama.

"Umeona?" akauliza, bila kugeuka.

"Nimeona."

"Wawili."

"Wawili, na umewapeleka mtoni, si kwa jirani."

Jirani kule akapiga mbinja. "Huyo mdogo ameshamshinda mamake!"

"Umshukuru Mungu hajakulenga!" mama yangu akamjibu.

*

Nilikuwa nimeamua kupeleka malalamiko ofisi ya kazi ya serikali, na nakala yake iwe ndiyo maelezo aliyonidai meneja. Barua tuliiandika jioni hiyohiyo, kwenye karatasi za foolscap, mimi nikiwa na kalamu, mume wangu akiwa na woga. Yeye si mwoga wa mambo mengi, lakini wa karatasi ni mwoga.

"Andika una mambo ya kifamilia," akashauri.

"Mambo gani?"

"Mambo tu. Ofisi za serikali hazielewi ndege."

"Mambo ya kifamilia ni jina lingine la matanga. Nitaandika ndege."

"Mama, mwambie binti yako."

Mama hakusoma, lakini alitaka asomewe kila mstari. Aliposikia neno ndege likitajwa alitikisa kichwa akaridhika, kisha akauliza, "Umeandika kwamba ni siku yako?" Nikasema nimeandika. "Liandike mara mbili. Watu wa ofisi husoma wakisinzia."

Kilichobaki ni kuipeleka ofisi ya kazi, Hola, na Hola huendi na kurudi Jumapili ukakuta mtu. Basi Jumanne nikaingia kwa meneja.

"Naomba ruhusa kesho."

"Sababu?"

"Naenda Hola kukulalamikia."

Nadhani alikuwa anatafuta maiti ndani ya sentensi ile na haioni. Mwisho akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, karibu ya heshima, "Utarudi saa ngapi?"

"Basi la saa kumi."

"Haya."

Dada wa tiketi aliniandikia tiketi ya siti ya dirishani. "Jina langu usilitaje," akanong'ona. Kisha, akitazama pembeni, "Lakini wakikuuliza kama uko peke yako, usiwaambie uko peke yako."

Kule Hola nilimkuta afisa mmoja, mwanamke, miwani kwenye paji la uso. Alisoma ukurasa wa kwanza. Kwenye wa pili akaishusha miwani. "Huyu mtoto wenu wa pili ni nani?" Nikamweleza ni simu. Akaguna. Akaniuliza kama nataka kuongeza sababu yenye uzito zaidi kabla hajapiga mhuri. Nikamwambia hiyo ndiyo yenye uzito. Akapiga mhuri, nakala zote tatu, akaniambia watamwita meneja na mimi tukae meza moja, na kwamba mpaka hapo nisipokee simu siku ya mapumziko. Nilishuka ngazi za ofisi ile nikiwa na njaa kubwa na furaha, nikala mahamri manne nimesimama.

Nakala yangu ninayo hapa. Sehemu ya juu ni anwani na tarehe, hizo naziacha. Iliyobaki inasema hivi:

YAH: MALALAMIKO JUU YA KUNYIMWA SIKU YA MAPUMZIKO

Mimi ni karani wa vifurushi. Mkataba wangu ni wa siku sita kwa wiki, na sheria inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Siku yangu ni Jumapili. Tangu niajiriwe nimetakiwa kushika simu ya ofisi siku hiyo na kuijibu, pamoja na kuitwa kazini bila zamu.

Nakiri kwamba niliitupa simu ya kampuni ziwani. Hilo ni kosa langu, si la mtu mwingine yeyote wa nyumbani kwangu. Nimeshaleta nyingine.

Nimeulizwa mara nyingi ninafanya nini siku hiyo. Ninawinga ndege katika shamba la mpunga pamoja na mama yangu, mume wangu na mtoto wangu. Mtoto wa pili, niliyekabidhiwa na meneja siku ya kuajiriwa, sitamleta tena. Ninaipenda kazi hiyo na ninaijua vizuri. Silipwi. Hakuna mgonjwa na hakuna aliyefariki.

Ninaomba mambo mawili. La kwanza, simu ibaki ofisini siku ya Jumapili, ambayo ni siku yangu. La pili, mimi na wenzangu tukiomba siku zetu za ruhusa zilizo katika mkataba, tusilazimishwe kutaja msiba ndipo tuzipate. Anayetaka kupumzika aandike kwamba anataka kupumzika, na itoshe.

Nakala: Meneja. Nitampelekea mwenyewe, kwa mkono, Alhamisi saa mbili asubuhi, saa za kazi.